PhD ya saikolojia ya afya: nianze kuangalia nini?

Swali
Habari wakuu. Nina digrii ya saikolojia ya hapa Tanzania. Nataka PhD ya saikolojia ya afya, Marekani au Uingereza, nije kufanya kazi na wagonjwa wa kisukari na kufanya utafiti. Programu nzuri naitambuaje?

Jibu 1
Mkuu, hapo kwenye "wagonjwa" ndipo pa kuanzia. Marekani, ithibati ya APA (Chama cha Saikolojia cha Marekani) hutolewa kwa saikolojia tiba, ya unasihi na ya shule; saikolojia ya afya peke yake haimo. Ukichukua PhD ya afya iliyo ya utafiti mtupu, utafundisha na kutafiti vizuri tu, ila leseni ya kutibu itakupiga chenga. Tafuta saikolojia tiba yenye mkazo wa afya. Hesabu miaka mitano hadi saba, ukiwemo mwaka mzima wa mafunzo kazini.

Kila programu yenye ithibati inalazimika kuweka kwenye tovuti yake jedwali la matokeo ya wanafunzi: wamemaliza kwa miaka mingapi, wangapi waliacha njiani, wangapi walipata nafasi ya mafunzo kazini, wangapi wana leseni, gharama ni kiasi gani. Lisome kabla ya picha za kampasi. PhD nyingi husamehe ada na kutoa posho. PsyD (udaktari wa saikolojia unaoegemea tiba kuliko utafiti) nyingi unajilipia.

Jibu 2
Naongezea la msimamizi, maana Marekani unapokelewa na profesa kuliko na chuo. Soma makala zake za miaka mitatu ya karibuni. Kama zote ni za uvutaji sigara na wewe unataka kujua kwa nini mgonjwa anaacha kuchoma insulini, mtasumbuana. Mwandikie Septemba, aya mbili, umuulize kama mwaka huo anachukua mwanafunzi. Maombi mengi hufungwa mwanzoni mwa Desemba.

Lingine linalowakwaza wageni: hospitali za maveterani (wanajeshi wa zamani), ambazo zina nafasi nyingi sana za mafunzo kazini, zinataka raia wa Marekani. Uliza wanafunzi wa kigeni wa programu hiyo walipelekwa wapi.

Jibu 3
Uingereza ni njia nyingine kabisa. Jina "mwanasaikolojia wa afya" linalindwa na sheria, na PhD pekee haikupi. Unahitaji masta ya saikolojia ya afya inayotambuliwa na BPS (Chama cha Saikolojia cha Uingereza), kisha hatua ya pili ya mafunzo kwa vitendo, angalau miaka miwili, ndipo unajisajili HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya. Vyuo vingine huitoa hatua hiyo kama udaktari wa kitaaluma.

Anza na BPS waitathmini digrii yako sasa hivi. Wanaangalia saikolojia ilichukua sehemu gani ya masomo na kama ulifanya utafiti wako mwenyewe, kwa hiyo omba chuoni nakala ya matokeo na maelezo ya kila kozi.