Mwaliko wa bethdei ya mtoto: ni wa mtoto mmoja au wa nyumba nzima?

Mleta mada, Dar es Salaam
Kadi inayozunguka kwenye simu siku hizi ina picha ya mtoto, maputo, jina la ukumbi na "Jumamosi saa 8 mchana, karibuni sana". Basi. Haisemi aliyealikwa ni nani. Familia moja inamshusha mtoto na kuondoka, nyingine inafika na watoto wanne, mama, shangazi aliyekuja kusalimia na dada wa kazi. Ikifika saa 10 vifuko vya zawadi vimekwisha, na wanaokosa ni wale wale waliokuwa kwenye orodha.

Msimamo wangu: mwaliko ni wa mtoto aliyeandikwa jina, pamoja na mzazi au mlezi mmoja kama hajafika miaka 6. Wengine waombewe nafasi kabla. Kadi itaje jina la mtoto anayealikwa, saa ya kuanza na ya kumaliza, kama mzazi abaki au aache mtoto, na siku ya mwisho ya kujibu. Asiyejibu ahesabiwe haji. Pingeni kwa hoja.

Mama wa Tanga
Napinga. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatujawahi kusema mgeni njoo na kadi yako. Nyumba nyingi zina watoto wa dada, wa kaka, na wa jirani anayeshinda hapo. Ukimvalisha mmoja viatu vya sherehe ukawaacha watatu mlangoni, ugomvi umeupanda nyumbani kwa mwenzio. Na sherehe ya uani haina geti. Muziki ukilia, watoto wa mtaa wanachungulia, na kuwafukuza ni aibu ya mwenyeji. Swali la kujiuliza ni unapika nini, siyo unamzuia nani.

Mpishi wa shughuli, Tabata
Mama wa Tanga kagusa penyewe. Chakula cha kupakua kinavutika, chakula cha kuhesabu hakivutiki. Mapaja 30 ya kuku ni watoto 30, wa 31 atakosa na ataonekana amekosa. Pilau haina tatizo hilo.

Hesabu ninayoitumia: kilo 1 ya mchele inatosha wakubwa 8, au watoto 12 walio chini ya miaka 8. Watoto 30 na wakubwa 20 ni kilo 5, pika 6. Hiyo kilo ya ziada inabeba watoto 12 ambao hawakualikwa, na gharama yake haifiki robo ya kukodi maputo ya kurukia, yale majumba ya hewa wanayorukaruka watoto. Nyama ikatwe vipande vidogo iingie ndani ya pilau, isikae pembeni kama mshikaki mmoja kila sahani. Sambusa weka 2 kwa kila mtoto, ila zipakuliwe na mtu mzima. Sinia likiachwa mezani, watoto watano wa kwanza wanalimaliza. Juisi ya boksi nayo ni ya kuhesabu. Nunua ya lita umimine kwenye vikombe.

Ila wageni nao wanaharibu kwa kuchelewa, na hilo naliona kubwa kuliko ndugu wa ziada. Ukiambiwa saa 8 ukaja saa 10, pilau iliyoiva saa 8 inakungoja. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya muda wa saa 2 bila moto. Kikibaki sufuriani juu ya makaa, kifunikwe kiendelee kutoa mvuke. Kachumbari ichanganywe dakika za mwisho, na mayonizi isikae juani hata kidogo. Watoto wakiharisha Jumapili, lawama ni ya mpishi, hakuna anayemkumbuka mgeni aliyechelewa.

Muoka keki, Kijitonyama
Kwenye keki mwavunja wenyewe hesabu kwa namna mnavyoikata. Keki ya mviringo ya sentimeta 20, yenye tabaka mbili, ukiikata pembetatu inatoa vipande 12 vikubwa ambavyo mtoto hali hata nusu. Ukiikata kwa mistari, kila kipande upana sentimeta 2.5 na urefu 5, unapata 20 hadi 24. Keki ya mraba ya sentimeta 25 kwa vipimo hivyo hivyo ni vipande 50. Kwa hiyo asiyejua idadi ya wageni asiagize vikeki vya vikombe. Aagize mraba.

Kulishana keki nako kuna tatizo lake. Kila anayeitwa mbele, apigwe picha, alishwe na apigiwe vigelegele, anachukua karibu nusu dakika. Watu 40 ni dakika 20, na krimu ya siagi kwenye joto la Dar la Januari, nyuzi 31 na zaidi, imeanza kuteleza kabla ya kufika upande wa shangazi. Na mtoto wa miaka 2 ameshalia. Walishwe wazazi, mababu na mabibi, na ndugu zake wa tumbo moja. Wengine wapelekewe kwenye sahani. Tena kila mtu na kijiti chake, siyo uma mmoja kwa vinywa 40.

Mama wa Tanga
Hapo kwenye uma sina neno. Ila usiniondolee shangazi. Shangazi aliyetoka Muheza kwa basi hawezi kupelekewa keki kwenye sahani kama fundi umeme.

Baba wa watoto, Nairobi
Hoja ya pilau inafaa uani. Huku Nairobi sehemu nyingi za kuchezea watoto hutoza kwa kichwa, na kila mtoto huvalishwa utepe mkononi anapoingia. Ndugu watatu wa ziada ni tiketi tatu papo hapo, na mwenyeji anaitwa kando na keshia mbele ya wageni. Mahali pa kiingilio ni lazima kadi iseme wazi: "Tumemlipia fulani pekee, ndugu wanakaribishwa, kiingilio chao ni kwa mzazi." Haipendezi kusoma, lakini inapendeza kuliko yale mazungumzo ya getini. Na mgeni akijua hivyo asimwulize mwenyeji mara mbili.

Jambo lingine ni picha. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mwaka 2023 shule moja Nairobi ilitozwa faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Sisemi bethdei ya nyumbani ni shule. Nasema mgeni asirushe mtandaoni picha ya watoto wa wenzake waliovaa nguo za kuogelea. Apige wa kwake.

Mwalimu wa awali, Morogoro
Mmeruka mahali ugomvi unapoanzia, yaani shuleni. "Alika darasa zima" ni ushauri wa shule binafsi yenye watoto 25. Kiwango cha Serikali ni watoto 25 kwa mwalimu katika awali na 45 katika msingi, na madarasa mengi ya umma yanazidi hapo. Huyo mzazi hawezi kualika darasa.

Kanuni inayofanya kazi: ama wote, ama chini ya nusu. Ukialika 20 kati ya 25, wale watano wanajua wametengwa. Ukialika 6, hakuna anayehesabu. Kadi zisigawiwe darasani wala zisitumwe kwenye kundi la wazazi. Mtumie kila mzazi ujumbe wake, na mtoto asiambiwe mpaka mzazi amekubali. Sababu siyo staha tu. Kuna familia za Kiislamu zisizosherehekea siku ya kuzaliwa, nyingine zinasherehekea bila shida. Mashahidi wa Yehova hawasherehekei kabisa. Mtoto akishatangaziwa, mzazi wake ndiye anayebaki na kazi ya kumnyima. Akikataa, asiulizwe kwa nini.

Kwenye kujibu, mgeni ataje na chakula: mzio wa karanga, mayai au maziwa, na kama anakula cha halali pekee. Mwenyeji asifikirie nyama tu. Zile peremende laini za kutafuna nyingi zina jelatini, na mtoto wa miaka 5 hasomi pakiti.

Msimamizi wa michezo ya watoto, Mbezi
Umri wa kumwacha mtoto niusemee mimi. Chini ya miaka 6, mkubwa wake abaki, hapo namuunga mkono mleta mada. Kwenye bwawa la kuogelea umri ni upi haijalishi: awepo mtu mzima mmoja asiye na simu wala sahani mkononi, kazi yake kutazama maji, apokewe zamu kila baada ya nusu saa. Wazazi kumi waliokaa karibu na bwawa ni sawa na hakuna, maana kila mmoja anadhani mwenzake anatazama.

Maputo ya kurukia yanaumiza watoto kwa sababu ya kuchanganya umri. Wa miaka 10 akitua, wa miaka 3 anarushwa nje. Wapeane zamu kwa umri, dakika 10 kila kundi, bila viatu, bila vipini vya nywele vyenye ncha, bila chakula mdomoni. Kamba zote zifungwe kwenye vigingi, na upepo ukifika kilomita 38 kwa saa puto lishushwe, hata kama kodi imelipwa. Umeme ukikatika linaanza kulala taratibu, kwa hiyo mtu akae mlangoni kuwatoa. Sasa mgeni aliyeleta ndugu wanne na kuondoka, nani anawatoa? Mimi sibishani na idadi. Nabishana na idadi isiyo na mkubwa.

Muoka keki, Kijitonyama
Na mkubwa mwenyewe mara nyingi ni dada wa kazi. Ndiye anayemkimbilia mtoto mchana kutwa, na ndiye anayebaki amesimama ukutani wakati wa kupakua. Kama dada ndiye mlezi uliyemruhusu kwenye kadi, sahani yake na kiti chake viwe kwenye hesabu.

Mgeni wa mara kwa mara, Dodoma
Hamjagusa fedha. Kuna kadi za bethdei ya mtoto wa mwaka mmoja zinazotaja mchango wa mmoja na wa wawili kama harusi. Nisipotoa nionekane mchoyo?

Mpishi wa shughuli, Tabata
Mchango una mahali pake, kwenye harusi na msiba, kwa kuwa hakuna anayemudu peke yake. Bethdei inapunguzika. Huna ukumbi, fanya uani. Huna uwezo wa watoto 50, wawe 8 na keki. Mgeni aliyealikwa kwa kadi yenye bei ana haki ya kusema hatafika, na asichangie.

Mama wa Tanga
Mchoyo ni neno kubwa. Ndugu wa karibu akisema "nisaidie soda", hilo ni la kifamilia, linasemwa kwa mdomo. Kulichapa kwenye kadi inayokwenda kwa wazazi wa darasani ndiyo kosa. Na zawadi isipimwe kwa bei. Januari, madaftari mawili makubwa ya kaunta buku na boksi la penseli humpendeza mzazi kuliko gari la betri. Aliye chini ya miaka 3 msimpe chenye vipande vidogo, na hasa zile betri bapa kama kifungo. Mtoto akiimeza inaunguza koo ndani ya saa chache. Jina liandikwe juu ya zawadi yenyewe, kadi ndogo hudondoka. Zisifunguliwe mbele ya wageni, aliyeleta daftari asilinganishwe na aliyeleta baiskeli.

Mleta mada, Dar es Salaam
Nimebadilisha rasimu. Kwa sherehe ya uani: "Tunamkaribisha fulani na mlezi wake, Jumamosi saa 8 hadi saa 11 jioni. Chakula saa 9 kamili. Ndugu wakija, tujulishe idadi na nani atawaangalia. Majibu hadi Ijumaa mchana." Kwa mahali pa kiingilio, naongeza mstari wa kaka wa Nairobi.

Muoka keki, Kijitonyama
Ijumaa mchana keki yangu imeshatoka kwenye oveni. Rudisha Alhamisi.

Mama wa Tanga
Na hilo la "nani atawaangalia" lipigiwe simu, kaka, lisiandikwe. Kwenye maandishi linasomeka kama unatukatalia watoto.