Video za sayansi kwenye simu, darasa la tano: mtoto anafikiri au anaangalia tu?

mwl_sayansi5: Wakuu habari za jioni. Nafundisha Sayansi la tano, darasa limejaa, simu janja ni yangu moja na projekta ya kuazima. Nikiwawekea video ya umeme wanatulia kweli, ila nikiuliza kwa nini balbu imewaka wananirudishia maneno ya video vilevile, nikigeuza swali kidogo tu kimya. Nyie mnaitumiaje simu mpaka mtoto afikirie mwenyewe?

ticha_moro: Mwalimu usianze na video, anza na ubishi. Ingia PhET, tovuti ya majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye skrini, ni ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder Marekani, wapo tangu 2002 na ni bure, kuna ile ya kuunga saketi. Weka betri na balbu mbili kwenye njia moja, swichi usifunge kwanza. Waulize ipi itawaka zaidi, kila mtu aandike daftarini jibu na sababu, ndo ufunge swichi umeme upite. Wengi watasema ya karibu na betri maana wanadhani umeme unaliwa njiani, sasa wakiona mwanga sawasawa darasa litalipuka kwa kelele, na hapo we usitoe jibu kabisa, waache wabishane, ila anayesimama lazima aseme "kwa sababu".

mama_ticha: Naunga mkono, ila baada ya simu waletee vitu halisi, betri, waya na balbu za tochi. Za kwenye simu zinalingana, za dukani hazilingani, unakuta moja hafifu. Kwangu mtoto alisema "tuzibadilishane nafasi, tuone kama tatizo ni balbu au pale ilipokaa." Hajafundishwa na mtu hiyo! Huko ndo kufikiri tunakokutafuta, na bila kukisia kwanza kwenye simu asingeshangaa.

mwl_sayansi5: Asanteni sana. Na bando je? Shuleni mtandao unasuasua.

ticha_moro: Zile za PhET za HTML5, yaani zinazofunguka kwenye kivinjari cha simu, unadaunlodi mara moja nyumbani, zinafunguka bila intaneti.

mdau_elimu: Kamera nayo msiiache, haili bando. Piga picha kivuli cha mlingoti wa bendera asubuhi, saa sita na saa tisa, wapime kwa hatua, kesho yake wachore chini kwa chaki kitafika wapi kabla hakijafika.

mwl_sayansi5: Hii ya chaki naanza nayo Jumatatu. Makundi ya wangapi?

mama_ticha: Wanne wanne, wakizidi hapo, wawili wanabishana na wengine wanacheza.