Kayaki inayumba nikikaa tu, mapaja yanatetemeka. Nipandishe kiti au nibadilishe chombo?

Mwanagenzi_Majini
Wakuu salaam. Natumia kayaki ya kukaa ndani, ya baharini, upana sentimita 58. Nikiketi tu inaanza kucheza kushoto na kulia, mapaja yanatetemeka, mikono inakimbilia kingo. Nikipiga kasia inatulia, nikipumzika inarudia. Nimeambiwa niweke mto kitini ili kasia lifike majini vizuri. Ni sahihi? Au chombo hiki hakinifai?

MajiMafu
Mkuu, toa mto. Ukijiinua unapandisha uzito wote wa kiwiliwili, na kwenye chombo chembamba hata sentimita 2 au 3 utazihisi papo hapo. Kama kasia halifiki, tafuta refu zaidi, kiti kibaki chini.

Chombo usibadilishe. Kayaki pana yenye tumbo bapa, ya sentimita 75 hivi, hutulia kwenye maji shwari, lakini hulala kufuata mteremko wa kila wimbi, na ikipita kikomo chake hupinduka ghafla. Nyembamba yenye tumbo la mviringo hucheza mapema, ila ikilala upande, ubavu unaozama huisukuma irudi. Huo mchezo unaokutisha mwanzoni ni tabia yake ya kawaida, haimaanishi unakaribia kupinduka. Inatulia ukiwa kwenye mwendo kwa sababu kila pigo la kasia linakupa pa kuegemea. Basi hata ukipumzika, acha bapa moja, yaani ncha pana ya kasia, liguse maji.

Kiuno_Laini
Naongezea kuhusu mtetemo, maana hapo ndipo penye tatizo lenyewe. Msuli uliokazwa muda mrefu hutetemeka, mtetemo unaingia kwenye chombo, chombo kinayumba, nawe unazidi kukaza. Anza na vikanyagio. Vikiwa karibu mno, magoti yanabana sitaha wakati wote. Visogeze mpaka magoti yakunjike kidogo yakielekea nje, mapaja yaguse sitaha kwa chini bila kuisukuma. Nyonga zisibanwe, ila zisiwe na nafasi ya kuteleza huku na huku; pakiwa wazi sana, gundisha sponji ngumu pande zote mbili. Keti wima. Ukilalia kiegemeo cha mgongo, kiuno kinafungika, na kiuno ndicho unachokihitaji.

Kisha zoezi, kwenye maji ya kimo cha kiuno yasiyo na mawe chini. Inua goti la kushoto, kandamiza kalio la kulia: chombo kinalala kulia. Pua ibaki juu ya kitovu, na kitovu juu ya mkuku, yaani mstari wa katikati chini ya chombo. Rudi katikati, geuza upande. Mwanzo laza kasia juu ya maji, halafu libebe kifuani. Macho yatazame mbali. Ukikodolea omo (ncha ya mbele ya chombo), kila mtikisiko mdogo utakushtua. Ukiona mabega yanainama pamoja na chombo, jua unalala mwili mzima badala ya kulaza chombo peke yake. Hilo kosa ndilo linalowatosa wengi.

Bapa_Chini
Mikono itoke kwenye kingo kabisa. Ukizishika, kiwiliwili na chombo vinakuwa kitu kimoja: chombo kikilala nawe unalala, na kasia halipo tena la kukusaidia. Jifunze kuegemea kasia kwa chini. Mpini uwe mbele ya tumbo, viwiko juu ya mpini, mgongo wa bapa ulale juu ya maji. Chombo kikianguka kulia, kandamiza bapa la kulia, na papo hapo inua goti la kulia lisukume sitaha. Goti ndilo linalorudisha chombo, kasia linakupa nafasi tu. Kichwa kielekee bega la kulia na kiinuke mwisho kabisa. Ni kizito, kilo 4 hadi 5, na ukitangulia kukiinua, mwili unajisukuma juu yake na chombo kinamalizia kupinduka. Kabla ya kutoa bapa majini ligeuze lisimame kwa ukingo. Ukiliinua likiwa limelala litabeba maji na kukuvuta.

Kuegemea kwa juu, viwiko vikiwa chini ya mpini, kuache kwanza. Mkono ukinyooka juu ya bega, wimbi linaweza kuutegua.

Mwanagenzi_Majini
Asanteni sana. Na mawimbi ya ubavuni? Sijawahi pia kupinduka, nadhani hofu hiyo ndiyo inanikaza.

MajiMafu
Basi pinduka kwa makusudi, mkuu, kabla ya zoezi lolote. Maji yawe ya kifuani, jaketi la kuokoa maisha limefungwa, na mtu mzoefu asimame kando. Kama unavaa sketi ya kuzuia maji (ile inayofunika tundu la kukalia), hakikisha kitanzi chake kiko nje kabla ya kuondoka ufukweni. Ukiwa chini: inama mbele uso ukielekea sitaha, vuta kitanzi mbele kisha juu, weka viganja kando ya nyonga, sukuma chombo kama unavua suruali. Usijaribu kutoka ukiwa umelala nyuma, miguu itakwama. Kiuno hakilegei kwa mtu asiyejua atatokaje.

Wimbi la ubavuni: liache liinue chombo, kiuno kifuate, endelea kupiga kasia. Likivunjika, egemea upande linakotoka. Ukilikimbia kwa kuegemea upande wa pili, linakupindua.

Mwanzoni weka farumi pia, yaani uzito wa kutuliza chombo: chupa za maji, jumla lita 10 hadi 15, nusu mbele ya kiti na nusu nyuma, chini kabisa juu ya mkuku, mbali na miguu yako. Zifunge zisisogee hata kidogo; uzito unaobingirika upande chombo kinapolala ni mbaya kuliko kukosa farumi.