IST inapiga stata vizuri lakini haiwaki (Tanga)

Mdau wa Chumbageni
Wakuu, salaam. Gari ni Toyota IST, injini 2NZ, 1.3. Jana jioni iliegeshwa Raskazone ikiwa nzima. Leo asubuhi ukitekenya ufunguo stata inazungusha kwa nguvu, lakini injini haishiki, hata dalili ya kutaka kuwaka hakuna. Mafuta nusu tenki. Ukifungua swichi, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Fundi kaja, kasikiliza, kasema ninunue pampu ya mafuta. Kabla sijaenda Ngamiani kwenye maduka ya spea nataka kuwa na uhakika. Multimita ninayo.

Fundi Waya
Usinunue kitu bado. Pampu haipimwi kwa sikio la mtu aliyesimama kwenye boneti.

Anza na betri, hata kama stata ina nguvu. Gari ikiwa imezimwa isome volti 12.4 kwenda juu. Kisha mtu apige stata huku wewe unaangalia mita: ikishuka chini ya 9.6, kontrol boksi (kompyuta ya injini) inaweza kuzubaa ingawa injini inazunguka. Kwa gari inayolala ufukweni hapo Raskazone, tazama terminali na waya wa ethi unaoshuka kwenye bodi. Ule unga mweupe unaoelekea kijani ni kutu ya chumvi. Mwagia maji ya moto, sugua kwa brashi ya waya, kaza upya.

Taa ya injini kuwaka ni habari njema, maana yake kontrol boksi inapata umeme. Ingekuwa haiwaki ningekupeleka moja kwa moja kwenye fyuzi ya EFI, yaani ya mfumo wa kunyunyiza mafuta.

Baada ya hapo fungua plagi moja. Imelowa na inanuka petroli? Mafuta yanafika, tafuta moto, yaani cheche za plagi. Ni kavu? Mafuta hayafiki. Kupima moto: chomoa soketi zote nne za nozeli (zinazonyunyiza petroli) kwanza ili petroli isirushwe, rudisha plagi kwenye koili yake (inayoipa umeme wa cheche), kisha laza chuma cha plagi kigusane na chuma cha injini. Usishike kwa mkono, na usipige stata koili ikining'inia bila plagi, utaiua. Sekunde tano zinatosha, kisha acha stata ipoe.

Kaka Spea
Kuna njia fupi. Fungua swichi bila kupiga stata, weka sikio siti ya nyuma. Usiposikia pampu ikivuma sekunde mbili, basi imekufa.

Bi Saketi
Hapo ndipo watu wengi wanapotupa hela, Kaka Spea. Toyota nyingi za miaka hiyo pampu haivumi ukifungua swichi tu. Rilei yake (swichi ya umeme wa pampu) inasubiri stata ipigwe, na kontrol boksi ione kranki, shafti kuu ya injini, inazunguka. Ukimya ule unaweza kuwa wa kawaida kabisa. Sikiliza wakati mwenzako anapiga stata, au pima volti kwenye soketi ya pampu wakati huohuo. Volti zipo na pampu kimya, hapo ilaumu. Hakuna volti, pampu haina kosa.

Mdau, ukipiga stata angalia pia mshale wa RPM. Unainuka kidogo au umelala sifuri?

Mdau wa Chumbageni
Betri 12.5, ikipiga stata inashuka hadi 10.3. Plagi kavu, na moto hakuna. Nimejaribu koili mbili tofauti. Mshale umelala sifuri.

Bi Saketi
Basi pampu iache dukani. Moto na mafuta vimepotea kwa pamoja, na koili hazifi zote usiku mmoja. Kinachoviunganisha ni sensa ya kranki: bila taarifa yake kontrol boksi haijui injini inazunguka, kwa hiyo hairushi moto wala haifungui nozeli.

Ipo upande wa puli ya kranki, chini, imeshikwa na bolti moja. Chomoa soketi yake, tazama pini kama zina kijani, na ufuate waya wake hadi juu uone kama belti haijaukwangua. Kisha pima sensa yenyewe: ikiwa baridi isome ohmu elfu moja na ushei. Mita isiposoma kitu, nyuzi za ndani zimekatika. Ukiitoa, futa ncha yake, mara nyingi imebeba vumbi la chuma.

Fundi Waya
Naunga mkono. Mashine ya kupimia ikionyesha kodi P0335, ya sensa ya kranki, ndiyo hiyohiyo, ila vile vidude vya bluetooth vya bei rahisi vingine havisomi gari zilizotengenezewa soko la Japani, kwa hiyo kikigoma usidhani kontrol boksi imeungua. Dukani peleka ya zamani mkononi mfananishe soketi. Kati ya mtumba wa Japani uliopimwa ohmu na mpya ya kopi, chukua mtumba. Ukishafunga, mshale ukiinuka lakini bado haiwaki, chungulia cheni: ikiruka meno, stata huzungusha nyepesi kupita kawaida, bila yale mapigo ya kompresheni.

Mdau wa Chumbageni
Soketi ina kijani kibichi kabisa, pini moja imeliwa nusu. Sensa inasoma 1,240.

Bi Saketi
Sensa nzima hiyo, rudisha. Tafuta soketi yenye waya wake kwenye injini za mitumba, kata, unganisha kwa lehemu na siyo kwa kusokota, kisha vika mpira wa kunywea (unaobana ukipashwa joto) na upake grisi ya umeme ndani.