Jezi ya kubuni ya Mbeya City: mchoro wa milima hauonekani

Swali: Ndugu zangu, nipo Mbeya na hubuni jezi kwa kujifurahisha tu. Safari hii nimeichorea timu yetu ya soka, Mbeya City, jezi ya zambarau, rangi yao ya siku zote, nikaweka kifuani safu ya milima pamoja na kilele cha Loleza kwa zambarau iliyokolea zaidi, lakini nikiipunguza picha milima haionekani kabisa. Nirekebishe nini?

Jibu: Kaka, rangi hizo mbili zinakaribiana mno. Igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Ukiona kifua chote kimekuwa kijivu kimoja, basi hata aliyekaa jukwaani kwenye uwanja wa Sokoine hataona kitu. Mimi ningeacha kilele kimoja tu, kikubwa, tena cheupe.

Jibu: Naunga mkono, ila mgongoni usiweke mchoro wowote, ili namba isomeke. Tumia Inkscape, programu ya bure, kwa kuwa huchora kwa vekta, yaani kwa mistari inayokokotolewa badala ya nukta, na mchoro wa namna hiyo haupotezi ubora hata ukikuzwa. Ukitaka kuichapisha kwa wino unaohamishwa kwa joto, tafuta poliesta nyeupe, maana pamba haiushiki vizuri wino huo.

Muulizaji: Nashukuru, wakuu. Loleza itabaki peke yake, nyeupe. Ya ugenini nitaigeuza rangi.