Wafo za unga usiokobolewa zinatoka nzito na kunata kwenye mashine, nisaidieni

BintiMikindani

Habari za jioni wana jamvi. Nipo Mtwara mjini, pande za Shangani. Mume wangu kaja na mashine ya wafo (waffle, vile vikate bapa vyenye vishimo) kutoka Dar, ile ya umeme ya kufunika, na watoto wameipenda kupita kiasi. Kwa unga mweupe zinatoka safi. Lakini mama mkwe tunaishi naye na ana sukari, na mimi mwenyewe sitaki watoto waende shule wamejaza ngano nyeupe na sukari, maana mwalimu anasema ikifika saa nne wanasinzia.

Nikahamia unga wa atta, yaani wa ngano isiyokobolewa, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Nzito, katikati mbichi, na nikifunua zinachanika, nusu inabaki juu nusu chini. Vipimo vyangu: atta vikombe viwili, mayai mawili, maziwa kikombe kimoja na nusu, bekingi pauda vijiko viwili vya chai, mafuta kijiko kimoja cha chakula, sukari vijiko vitatu.

Halafu mtama unaweza kuingia humu? Atta naipata duka moja tu, siku nyingine haipo.

Mzee wa Chikongola

Sisi tumekua kwa mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi, na hatukusinzia. Wafo za nini tena?

BintiMikindani

Shikamoo mzee wangu. Mihogo ipo na wanaila. Ila mashine imeshanunuliwa, siwezi kuigeuza stuli.

MpishiWaMasasi

Dada, atta haina kosa. Hivyo vipimo ni vya unga mweupe.

Unga usiokobolewa umebeba pumba na kiini cha nafaka. Pumba inakunywa maji mengi, tena taratibu. Ukikoroga na kumimina hapo hapo, inaendelea kunyonya ikiwa motoni, ndiyo maana nje panakauka na ndani panabaki kama ugali ambao haujaiva. Fanya hivi: changanya unga, chumvi na maziwa peke yake, funika kwa sahani, acha robo saa hadi nusu saa. Bekingi pauda usiiweke mapema. Inaanza kazi ikikutana na maji, ukiilaza nusu saa nguvu inapungua.

Mayai yatenganishe. Viini na mafuta viingie kwenye rojo, ute uupige pembeni hadi usimame. Ukishakuwa tayari kupika ndipo unachekecha bekingi pauda vijiko vitatu juu ya rojo, unakoroga kidogo, kisha unaingiza ute kwa mwiko, taratibu. Mabaka meupe yakibaki yaache, ukikoroga sana unautoa upepo wote.

Maziwa yafike vikombe viwili kasoro robo. Rojo liwe zito kuliko la chapati za maji lakini litoke lenyewe kwenye upawa. Mafuta weka vijiko vinne. Najua unatafuta afya, ila mafuta ndiyo yanayoifanya wafo ikauke nje na iachie chuma, na mwisho wa siku ni wafo saba au nane za familia nzima. Sukari shusha hadi kijiko kimoja, maana ndiyo inayoungua na kugandia kwenye vile vishimo.

La mwisho, usifunue mapema. Tazama mvuke pembeni ya mfuniko. Mwanzo unatoka kwa nguvu, ukikaribia kwisha ndipo ujaribu kunyanyua. Mfuniko ukigoma usiuvute, ongeza dakika. Ile taa inakuambia tu kwamba chuma kimepata moto, haijui umemimina unga gani.

Ruangwa_Kwetu

Mtama unaingia, na ndio wetu. Ila hauna gluteni, ile inayoshikanisha ngano, kwa hiyo mtama mtupu utakuvunjikia mikononi. Anza nusu kwa nusu na atta. Chagua mtama mweupe, mwekundu una ukakasi na watoto wataukataa.

Usinunue unga, nunua nafaka. Pepeta, toa mawe kwa mkono, maana jiwe kwenye uji linazama chini, kwenye wafo linakutana na jino. Mashineni sema mapema: kusaga bila kukoboa, na apitishe mara mbili ili ulainike. Na usisahau kwamba unga wa kwanza kutoka pale ni wa mteja aliyekutangulia, mara nyingi sembe au muhogo. Bakuli la kwanza mimi nawapa kuku.

Usisage mwingi. Kiini kina mafuta, na kwa joto la huku kwetu unga unachacha haraka. Saga wa wiki mbili, weka kwenye friji. Ukinusa harufu ya mafuta yaliyokaa, ndio umeshaharibika huo.

FundiLuku

Dada geuza mashine uangalie chini imeandikwa wati ngapi. Nyingi za nyumbani ni kati ya 700 na 1,000. Hata ya 1,000 ukiiwasha nusu saa mfululizo haizidi nusu yuniti, kwa hiyo LUKU isikutishe. Kinachosumbua ni waya wa kurefushia mwembamba, na umeme kuwa mdogo saa ambazo mtaa mzima unapika. Chuma hakipati moto wa kutosha, rojo linachemka badala ya kukaangika, linanata. Chomeka ukutani moja kwa moja. Ukitoa wafo, funika mashine tupu dakika moja irudishe moto ndipo umimine nyingine.

Umeme ukikatika asubuhi, rojo lilelile limimine kwenye kikaango, watoto watakula chapati nene. Gesi ya Mnazi Bay inakwenda Dar kwa bomba tangu 2015 na sisi huku bado tunapepea mkaa, lakini hiyo ni mada nyingine.

NesiMstaafu

Kwa mama mkwe: atta na mtama ni bora kuliko unga mweupe kwa sababu sukari inapanda polepole, lakini wanga ni wanga. Apewe moja, pamoja na yai la kuchemsha au njugu mawe, asipewe tatu kwa kuwa "ni za afya". Kama ana kipimo cha nyumbani apime masaa mawili baada ya kula, aone mwili wake unasemaje. Dawa zake aendelee nazo kama alivyoelekezwa kliniki.

Najua atakuja mtu hapa kushauri asali. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2015, linaihesabu asali pamoja na sukari ya mezani na juisi, na linataka zote hizo zisifike asilimia 10 ya nishati ya siku, kwa mkubwa na kwa mtoto. Na kama kuna mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1, asali asiionje kabisa.

Mzee wa Chikongola

Basi kama mmeshaamua, pakeni korosho. Vipande vilivyovunjika ni bei nafuu kuliko nzima na ladha ni ileile. Zikaange kavu, zitwange kwenye kinu zingali na moto hadi mafuta yatoke, chumvi kidogo. Mtu anakaa Mtwara halafu anapaka vya kopo!

NesiMstaafu

Hapo nakuunga mkono mzee. Ila mtoto anayewashwa au kuvimba midomo akila korosho, asipewe.

BintiMikindani

Mrejesho jamani. Nusu atta nusu mtama, rojo nililaza, nikasubiri mvuke. Zimeachia chuma zenyewe, rangi ya kahawia, mama mkwe kaomba kuonja ya pili nikamnyima, kaninunia. Korosho mdogo wangu kaimaliza kwa kijiko kabla ya meza kuandaliwa.

Ila nilizipanga kwenye hotipoti kama chapati ili baba watoto azikute za moto. Alipofunua zote zimelegea, zimeloa jasho.

MpishiWaMasasi

Hotipoti hapana! Chapati inataka ulaini, wafo inataka kupumua. Zitandaze juu ya wavu, au ungo ukiwa huna wavu, wala usizibebanishe. Za baba watoto zirudishe kwenye mashine dakika moja akishakaa mezani. Ukitaka kupika za wiki Jumapili, zipoe kabisa, zifunge kwenye mfuko, weka friza. Asubuhi zinatoka friza moja kwa moja hadi kwenye mashine, usiziyeyushe kwanza.

BintiMikindani

Ahsante sana dada. Na tui la nazi badala ya maziwa? Mama mkwe maziwa yanamsumbua tumbo.

MpishiWaMasasi

Tui la pili, kipimo kilekile cha maziwa. Ukitia kasimile, lile tui zito la kwanza, mafuta yapunguze yabaki vijiko viwili.