Kikundi cha Ukoo, Malindi: Injini ya Lori la Ami

Ami Salim: Assalamu alaykum jamaa. Fundi amefungua injini leo. Hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, imepinda, gasketi yake imeungua, maji yameingia kwenye oili. Spea na kazi ni 180,000. Athumani ndiye aliyekuwa kwenye usukani, Athumani atalipa. Nitamkata mshahara mpaka ziishe.

Bi Zuhura: Wa alaykum salaam kaka. Umkate mpaka ziishe, na wanawe wale nini?

Ami Salim: Na mimi lori likilala, nani ananiuliza nakula nini?

Athumani: Shikamoo Ami. Naomba niseme yalivyokuwa. Tulipakia chumvi Gongoni, tukapita Mambrui, geji ya joto ikaanza kupanda. Nikaweka kando, nikazima, tukangoja ipoe. Kufungua rejeta, maji yamebaki nusu, mekundu kwa kutu. Nikakupigia. Ukasema mzigo unangojwa Mombasa, tuongeze maji twende polepole. Hatujafika daraja la Sabaki ikapanda tena. Nikazima papo hapo, sikuiwasha tena mpaka gari la kuvuta lilipokuja.

Ami Salim: Nilisema polepole, sikusema muue injini. Anayeona geji ni dereva.

Mjomba Bakari: Hapo Salim ana neno. Athumani, asubuhi kabla ya kuwasha ulitazama maji?

Athumani: Natazama kila siku Mjomba, tanboi shahidi. Yalikuwa yamejaa. Yamechemka njiani yakamwagika.

Kassim Fundi: Ami, kwa heshima zako. Mimi nilikuwapo gereji leo. Rejeta tumeivunja, mirija zaidi ya nusu imeziba, ndani gaga jeupe na kutu. Nimechokoa kwa waya, waya haupiti. Uchafu ule hauji kwa safari moja. Ni maji ya kisima cha yadini, yale ukiyaonja yana chumvi. Visima vingi vya karibu na bahari ndivyo vilivyo. Chumvi inakula chuma, gaga linaziba mirija, joto linakosa pa kutokea. Hedi ikizidiwa na moto inapinda, gasketi inaachia. Kijiti cha oili nimekichomoa kimetoka na rangi ya chai ya maziwa.

Na jingine. Kranki nzima, beringi nzima. Oili yenye maji haina utelezi, angelazimisha mpaka Malindi mjini beringi zingeliwa, na sasa tungekuwa tunatafuta injini, si hedi. Kuzima kwake pale Sabaki ndiko kulikookoa.

Ami Salim: Maji ya kisima tumetia miaka yote.

Kassim Fundi: Ndilo ninalosema Ami. Nilikuomba tununue kulanti, yale maji ya dawa ya rejeta, ukasema mwezi ujao.

Rehema: Shikamooni wakubwa. Ami, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika, lakini iwe mfanyakazi ameharibu kwa kusudi. Mtu aliyesimama, akazima, akakupigia, akafuata ulilomwambia, kusudi liko wapi? Na hata pakiwa na haki ya kukata, makato yote hayapiti theluthi mbili za mshahara. Athumani anapata 24,000, kwa hiyo 16,000 ndiyo mwisho kwa mwezi. Huko kumkata wote hakupo.

Mjomba Bakari: Na bima je?

Rehema: Ile ya lazima ni ya mtu wa tatu, inamlipa uliyemgonga. Hata ile kubwa, inayolipia na gari lako mwenyewe, kwa kawaida inataka ajali, moto au wizi. Injini iliyochakaa au kufa yenyewe ni ya mwenye gari.

Bi Zuhura: Salim, huyu alipozaliwa ni wewe uliyemwadhinia sikioni. Lori litatengenezwa. Ukimvunja moyo mwanao fundi wa hilo hatumjui.

Mjomba Bakari: Kweli hiyo. Lori ni lako, faida ni yako, rejeta pia ni yako. Mimi nasimama na kijana.

*(Ujumbe huu umefutwa)*

Ami Salim: Nimesoma yote. Kassim, hedi ipeleke Mombasa kesho ikasawazishwe, pesa natoa mimi. Rejeta nunua, hiyo usiizibue. Pesa ya gari la kuvuta tutazungumza nyumbani baada ya Isha, Athumani uje.

Bi Zuhura: Na mshahara wa mwezi huu?

Ami Salim: Ataupata wote.

Athumani: Ahsante Ami, nitakuja. Ila kabla ya rejeta mpya kufungwa injini ioshwe ndani, gaga liko mpaka kwenye bloki.

Kassim Fundi: Nitaiosha. Themostati, ile inayofungulia maji yaende kwenye rejeta, nayo naitoa niipime kwenye maji ya moto. Ami, nitumie pesa ya hedi usiku huu, basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi.